Ameshinda Mtu au Kimeshinda Chombo?

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kila mmoja wetu ameuona ukweli wa maneno hayo: shambani, ambako mwenye jembe jipya humaliza tuta mapema; sokoni, ambako mwenye baiskeli humtangulia atembeaye kwa miguu; na hapa kwetu ziwani, ambako mwenye mashine hufika na mukeke wabichi ilhali mwenye kasia bado yu njiani. Hatuoni ajabu, kwa kuwa ndivyo dunia ilivyo. Lakini upo mchezo mmoja wa majini ambao waliouanzisha walikataa kuifuata methali hiyo. Wao humpa kila mchezaji kisu cha namna moja, chenye ukali mmoja, kisha husema: haya, sasa tuone ni nani ajuaye kukata. Mchezo huo ni mashindano ya mashua za tanga za muundo mmoja. Leo, ndugu msomaji, ningependa tuutazame pamoja, kwa kuwa ndani yake mna funzo linalotuhusu sisi tulio ufukoni na hata wenzetu walio kambini, mbali na maji.

Mimi ni mtumishi wa serikali hapa Magara, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Nilisomea ualimu nikapata cheti, nikafundisha miaka kadhaa kabla ya kuhamishiwa kazi ya ofisini. Ndiyo maana hadi leo majirani huniita Mama Mwalimu. Mume wangu ni askari polisi. Kutoka mlangoni petu ziwa huonekana lote, na asubuhi isiyo na ukungu milima ya Kongo hujitokeza ng'ambo kana kwamba mtu angeweza kuigusa kwa mkono. Watoto wa hapa aghalabu huishika kasia kabla ya kuishika kalamu.

Katika sikukuu ya Uhuru, tarehe 1 Julai, vijana wa mtaa wetu hupenda kushindana kwa mitumbwi. Si mashindano makubwa, wala hayana kombe. Mshindi hupewa madaftari na kipande cha sabuni. Mwaka jana mimi ndiye niliyeandika majina ya washindani. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 13, alipiga kasia katika mtumbwi wa gogo alioazimwa na mjomba wake, mtumbwi mkongwe uliokwisha kunywa maji ukawa mzito kama jiwe. Mshindani wake, kijana wa jirani, alikuwa na mtumbwi wa mbao, mpya, mwepesi, uliozibwa nyufa zake zote wiki ile ile. Kijana akafika kwanza kwa umbali mkubwa. Jioni binti yangu alinijia jikoni akaniuliza, "Mama, ni yeye aliyenishinda, au ni mtumbwi wake?"

Swali hilo lilinipa kazi. Kama ningemwambia kwamba kilichomshinda ni chombo, ningempa udhuru ambao angeutumia maisha yake yote, na tena ningemnyang'anya kijana yule haki ya jasho lake. Kama ningemwambia kwamba kilichomshinda ni mtu, ningesema jambo nisilolijua. Isitoshe, minong'ono ilikwisha kufika kwa mama wa kijana. Ilipita muda wa wiki mbili tukikutana bombani naye ananipita bila kunijulia hali. Basi hata udhia mdogo wa mashindano ya watoto waweza kuingia nyumbani na kukaa kitako.

Kiu ya kupata jibu ndiyo iliyonifanya nisome habari za mashua za mashindano. Nilikuwa nimepata kuona moja ya aina hiyo ufukoni Bujumbura, imelazwa kifudifudi juu ya mchanga, nyeupe, laini kama sahani. Wakati ule sikuitilia maanani. Baadaye nilipojua historia yake, nilitamani ningeisogelea.

Jina lake ni Laser. Mwaka 1969 mtengenezaji mmoja wa mashua huko Kanada, Ian Bruce, alimpigia simu mchoraji wa vyombo aitwaye Bruce Kirby. Alitaka mashua ndogo, nyepesi, inayoweza kubebwa juu ya paa la motokaa. Kirby alikuwa mhariri wa gazeti la michezo ya mashua, na mwenyewe alikuwa amekwisha kushindana katika Michezo ya Olimpiki. Akiwa bado anazungumza kwenye simu, alianza kuchora umbo la chombo hicho kwenye karatasi. Kazi ya tanga ikapewa Hans Fogh, mtu aliyezaliwa Denmark. Mwaka 1971 mashua hiyo ilitolewa hadharani kwa jina hilo la Laser, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 200,000 duniani kote. Tangu mwaka 2019, kutokana na mgogoro juu ya haki ya kulitumia jina hilo, zile zinazokubaliwa na chama cha kimataifa cha mashua hizo huitwa ILCA. Lakini wazee wa mchezo huu bado wanasema Laser, nami nitaendelea kusema hivyo.

Sasa tuvitazame vipimo vyake. Laser ni mashua ya mtu mmoja. Urefu wake ni mita 4.2 hivi, na upana wake haufiki mita 1.4; yaani ni fupi kuliko mitumbwi mingi ya wavuvi wetu. Mwili wake ni wa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, nao una uzito wa karibu kilo 59: mfuko mmoja wa saruji na ziada ndogo. Watu wawili huubeba bila taabu. Mlingoti wake ni vipande viwili vya bomba jepesi, kimoja huchomekwa juu ya kingine, na hauna kamba za kuushikilia pembeni. Tanga ni moja tu. Upande wake wa mbele umeshonwa mfuko mrefu, na mlingoti huvishwa mfuko huo kama mguu uvishwavyo soksi. Katikati ya mashua pana tundu la kuchomeka ubao unaoteremka majini ili upepo usiisukume mashua upande. Nyuma pana usukani wenye mkono wa kuushikia. Nahodha hushika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hushika demani, yaani kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga.

Kubwa zaidi ni mahali pa nahodha mwenyewe. Sakafuni pana ukanda anaopachika miguu yake. Upepo uzidipo, huketi ukingoni, akajinyoosha nje ya mashua kwa mgongo hadi kichwa chake kikawa juu ya maji, ili uzito wa mwili wake uizuie mashua isilale. Hubaki hivyo dakika nyingi, mapaja yakiwaka moto. Hana mashine, hana mwenzi, hana wa kumlaumu.

Kanuni za mashua hii ni kali. Kanuni iliyo mama wa zote ni kwamba kila kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa. Huruhusiwi kuukwangua mwili wa mashua ili upungue uzito. Huruhusiwi kuuchonga upya ubao wa katikati, wala kumpelekea fundi umpendaye akushonee tanga lako. Kila mashua ina namba yake, na vifaa hutoka kwa watengenezaji waliopewa idhini. Katika Olimpiki wachezaji hukabidhiwa mashua zilizoletwa na waandaaji, kama askari akabidhiwavyo vifaa ghalani. Kwa hiyo kinachobaki kupimwa ni kuyasoma maji na mawingu, kujua saa ya kubisha na kugeukia upande wa pili wa upepo, nguvu ya tumbo na mapaja, na utulivu wa moyo. Mashua hii iliingia katika Olimpiki mwaka 1996, na Robert Scheidt wa Brazili akatwaa dhahabu. Mwaka 2000, huko Sydney, Ben Ainslie wa Uingereza akamshinda. Mwaka 2004 Scheidt akairudia dhahabu yake. Katika safari zote tatu hapakuwa na njia ya kusema kwamba mshindi alikuwa na mashua bora kuliko mwenzake.

Nisieleweke vibaya, sisemi kwamba kila mashindano lazima yawe hivyo. Kwa ndugu zetu wa Lamu, mashua hushindana zikiwa na tofauti zake, na vivyo hivyo ngalawa za Unguja. Huko ushindi ni wa watu wengi: fundi aliyeziunganisha mbao, aliyeshona tanga, na nahodha aliyelishika. Watu husifu chombo kwa jina lake kama wasifuvyo mtu, na hapana anayelalamika, kwa sababu wote wanajua tangu mwanzo kwamba chombo nacho kimeingia mashindanoni. Ubaya huja pale tunapotangaza kwamba tunawapima watu, kumbe tunapima vyombo vyao.

Basi nilikwenda kwa yule mama jirani yangu, nikamweleza niliyoyasoma. Nilimwambia kwamba mwanawe naye anadhulumiwa, maana watu wanausifu mtumbwi badala yake. Alicheka, na uso uliokuwa umekunjwa ukakunjuka. Tukapatana kwamba mwaka huu vijana washindane mara mbili, na baada ya safari ya kwanza wabadilishane mitumbwi. Hata huko kwenye mashua kubwa wako wafanyao hivyo. Siku ilipofika, kijana yule alishinda safari zote mbili. Katika mtumbwi wa gogo alishinda kwa urefu wa kasia moja tu, lakini alishinda. Binti yangu alishuka, akamwendea, akamwomba amfundishe namna anavyoigeuza kasia ndani ya maji. Jibu la swali lake alikwisha kulipata, tena bila mimi kutia neno.

Hata hivyo, kulinganisha vyombo si mwisho wa haki, na hapa ndipo Laser iliponistaajabisha zaidi. Vidole vya mkono havilingani. Mpe mwanamume wa kilo 80 na msichana wa kilo 55 mashua mbili zinazofanana kila kitu, kisha uache upepo mkali uvume. Mwanamume atajinyoosha nje, na mashua yake itasimama wima ikienda mbio; ya msichana italala ubavu. Vyombo vimelingana, na haki haikutendeka. Waliousimamia mchezo huu hawakulifumbia macho jambo hilo. Waliuacha mwili wa mashua ule ule, usukani ule ule na kipande kile kile cha juu cha mlingoti. Wakabadilisha kipande cha chini na tanga peke yake. Tanga kubwa lina mita za mraba 7.06, la kati 5.76, na dogo 4.7. Siku hizi mashua hizo huitwa kwa namba 7, 6 na 4, na kila mchezaji hushindana na wenzake wa tanga lile lile. Kwa tanga la kati wanawake waliingia na Laser katika Olimpiki mwaka 2008.

Wasomaji mlio jeshini na polisi mtalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Sare ni moja, na hakuna askari aruhusiwaye kujishonea ya kwake kwa rangi aipendayo. Lakini viatu vina namba. Bwana ghala akitoa namba 43 kwa kila mtu kwa jina la usawa, nusu ya kikosi itachechemea gwarideni. Mama wa nyumba naye anajua hivyo. Chungu ni kimoja na ugali ni mmoja, ila bakuli la mtoto anyonyaye si bakuli la kijana atokaye kulima. Kazi ngumu ya mzazi, ya mwalimu na ya mkubwa wa kazi ni kujua ni wapi pa kulinganisha na ni wapi pa kutofautisha. Akitofautisha panapotakiwa usawa, amependelea. Akilinganisha panapotakiwa tofauti, ameonea.

Mwaka ule ule wa 1996, Laser ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, nchi yetu nayo ilikuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza. Vénuste Niyongabo akatuletea dhahabu ya mbio za mita 5,000. Nadhani haikuwa bahati tu kwamba medali yetu ya kwanza ilitoka katika riadha. Mita 5,000 ni zile zile kwa tajiri na kwa maskini. Njia ni moja, na saa ni moja. Mchezo wa kanuni moja humfungulia mdogo mlango. Kisiwa cha Kupro kilipata medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki mwaka 2012, na aliyeileta ni Pavlos Kontides, kwa mashua hii ya Laser. Hapa Afrika, Deizy Nhaquile wa Msumbiji aliiendesha yenye tanga la kati katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021.

Lakini tusijidanganye. Laser mpya hugharimu maelfu ya dola. Mashua zinalingana kwenye mstari wa kuanzia, ila kuufikia mstari wenyewe si kwa usawa. Mwenye mashua tangu utotoni amekwisha kuzoea upepo miaka 10 kabla ya mwenzake kuigusa demani. Nilipokuwa nikifundisha, niliyaona haya katika mitihani. Karatasi ni moja nchi nzima, maswali ni yale yale, dakika ni zile zile. Hiyo ni Laser ya shule. Lakini mmoja amesomea mwanga wa umeme, na mwingine amesomea kibatari baada ya kuchota maji na kuanika ndagala. Karatasi ile haina kosa, na wala sitaki ibadilishwe. Afadhali kipimo kimoja kinachojulikana kuliko vipimo vingi vya siri. Ninachosema ni kwamba mzazi asikae akijivunia usawa wa siku ya mtihani huku nyumbani binti anaosha vyombo hadi saa nne usiku na kaka yake amekaa na daftari. Usawa wa siku moja huandaliwa kwa siku nyingi.

Jambo jingine linawahusu wote wapendao kuwaona watoto wao majini. Laser ikipinduka, nahodha wake hukanyaga ule ubao wa katikati, akavuta, mashua ikainuka na maji yakatoka yenyewe. Mtumbwi wa gogo ukijaa maji hauna hisani hiyo. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673 na kina chake hufika mita 1,470. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini huyasukuma mawimbi mbali sana kabla hayajatufikia sisi wa kaskazini, nayo hufika yamekwisha kukomaa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mashindano yoyote iwe kwamba kila mtoto ajue kuogelea, avae koti la kuelea, na watu wazima wenye mtumbwi mkubwa wawe karibu. Kanuni hiyo haina namba wala ukubwa; ni moja kwa wote.

Kwa wale watakaouliza kama mashua ya namna moja yaweza kupatikana bila maelfu ya dola, jibu lipo, na ni la zamani. Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater huko Florida, Marekani, Clark Mills alichora kijimashua cha watoto kiitwacho Optimist, ambacho kilitengenezwa kwa mbao mbili tu za plaiwudi. Urefu wake ni mita 2.3 hivi na uzito wake kilo 35, na hata leo watoto wa nchi nyingi huanzia humo, hadi umri wa miaka 15. Nimewatazama mafundi wa Rumonge wakiunda mitumbwi ya mbao kwa msumeno na randa, na sioni kipimo cha kijimashua hicho kitakachowashinda. Fundi akitengeneza kimoja, kitakuwa kitu cha kuchezea cha mtoto mmoja mwenye baba mwenye uwezo. Lakini shule moja, kambi moja au mtaa mmoja ukichanga fedha, na fundi yule yule akatengeneza vinne kwa kipimo kimoja, watoto wetu watakuwa na mashindano ambayo atakayeshindwa atajua ameshindwa na nani, na atajua pia amwendee nani kujifunza.